Kaka anataka usukani, rafiki ana siri: twende milimani au tusiende?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Chengdu, jimbo la Sichuan, China, ninakosoma shahada ya uzamili. Kuna asubuhi, mvua ikiwa imesafisha hewa usiku kucha, milima yenye theluji inaonekana kutoka ghorofa ya juu ya hosteli yetu. Tangu nifike nina hamu ya kuifikia, ila hali ya mwanafunzi unaijua: hela ikiwepo muda hakuna, muda ukiwepo hela hakuna.

Mwaka huu vyote viwili vimekubali. Likizo ya Sikukuu ya Taifa, mwanzoni mwa Oktoba, tumepanga kwenda watu sita kwa gari, siku nne. Wanafunzi tuko watano, Watanzania, Mkenya na Mganda. Wa sita ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeshughulika na mizigo ya makontena huko Guangzhou. Ndiye aliyetupangia ratiba: siku ya kwanza tutoke Chengdu tulale Xinduqiao, ya pili tupite Litang tulale Daocheng, ya tatu tuzunguke hifadhi ya Yading, ya nne turudi. Akinogewa anaongeza kwamba Tibet si mbali na hapo, tukijaliwa tuchungulie.

Sasa shida. Kaka anataka kuendesha mwenyewe. Ana leseni ya Tanzania na ile ya kimataifa aliyokata kabla hajaja huku, na gari ataazimwa na Mchina anayefanya naye biashara. Nilipomwambia nimesikia leseni hiyo China haitambuliki, alinijibu kwenye kundi letu la WeChat mbele ya wote: "Mdogo wangu, mimi nimeendesha Dar mpaka Tunduma usiku, lori mbele, lori nyuma. Hizi lami ndiyo zinishinde?" Watu wakacheka, nikanyamaza. Mama, huyu ndiye aliyenilipia tiketi ya ndege nije kusoma. Nitamkatalia kwa mdomo upi?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mmoja wa wenzangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliniambia mimi peke yangu, mwaka jana, nilipomkuta amejikunyata kitandani kwa maumivu, akaniapisha nisimwambie mtu. Mchango wake wa safari ameshatoa wote, na jaketi ameshanunua. Nilimuuliza pembeni kama milima haitamsumbua. Akasema atameza dawa zake, na kwanza tutakuwa ndani ya gari, hatupandi kwa miguu. Kaka naye anasema urefu si kitu, yeye alishafika kileleni Kilimanjaro.

Mimi ndiye mweka hazina, na hoteli zinatakiwa kulipiwa karibuni. Nikisema safari isiwepo nitaonekana mchawi wa furaha za watu. Nikinyamaza likatokea la kutokea, nitamwambia nini mama yake?

Mweka hazina, Chengdu

---

Marahaba, mwanangu.

Umeleta mashtaka mawili, la kaka na la rafiki, lakini mimi naona mshtakiwa ni mmoja: ile ratiba. Na ratiba ni rahisi kuibadilisha kuliko kumbadilisha mtu mzima.

Itazame hivi. Kutoka Chengdu hadi Daocheng ni zaidi ya kilomita 700, na Yading iko mbele ya hapo. Kaka anataka siku ya nne muirudie njia yote hiyo, milimani, katika wiki ambayo nusu ya Chengdu iko barabarani. Tangu 2012 magari madogo ya viti visivyozidi saba hayatozwi ushuru wa barabara za kulipia katika sikukuu kubwa za China, na hii ni mojawapo. Matokeo yake kila mwenye gari anatoka, na wengi wanaelekea magharibi huko huko mnakotaka kwenda. Mlima wa Zheduo, juu ya mji wa Kangding, foleni zake za Oktoba ni maarufu. Magari yanapanda kona baada ya kona yakinyatiana, hewa yenyewe haba, na abiria wanatapika madirishani.

Hiyo hewa haba ndiyo kiini cha jambo lako lote, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Chengdu iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kangding inakaribia 2,500. Barabara inapovuka Zheduo inafika mita 4,298, kisha inateremka kidogo hadi Xinduqiao, juu ya 3,300, ambako kaka anataka mlale usiku wa kwanza. Kesho yake mnavuka sehemu zinazozidi 4,600, mnapita Litang, mji mzima ulio juu ya mita 4,000, mnalala Daocheng karibu mita 3,700. Sasa mkumbushe kaka, kwa adabu, alivyofika Uhuru. Kwa njia ya Marangu mtu analala kambi ya Mandara, mita 2,720, ndipo Horombo, 3,720, na wengi wanalala Horombo siku mbili kabla ya kuendelea. Waongozaji walimwimbia "pole pole" mpaka akachoka kuisikia. Mwili wake ulipewa muda wa kuzoea, na muda huo ndio uliomfikisha kileleni. Safari hii anataka kutoka mita 500 baada ya chai, avuke 4,298 mchana, alale juu ya 3,300. Madaktari wa milimani wana kanuni yao: ukishapita mita 3,000, pa kulala usiku pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Gari linakupandisha upesi kuliko mwili unavyoweza kufuata, na mwenye misuli na asiye nayo wote wanaweza kuugua.

Wengi watapata kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa kukatika. Wachache hali inazidi, mapafu yanajaa maji au ubongo unavimba, na tiba ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa mara moja, hata kama ni saa nane za usiku. Vile vikopo vya oksijeni vinavyouzwa njiani vinatuliza kwa dakika chache tu. Mtauziwa pia dawa ya mitishamba iitwayo hongjingtian. Wachina wengi wanaipenda, ushahidi wake ni dhaifu, na mimi nisingeweka roho ya mtu juu yake.

Basi rafiki yako. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni ya kutosha hupinda kama mundu, zikang'ang'aniana na kuziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu uliyomkuta nayo. Baridi huyachochea, na upungufu wa maji mwilini pia. Sasa huko juu kuna nini? Hewa haba, baridi na ukavu. Kwenye mita 4,000 kila pumzi inabeba takriban asilimia 60 tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa Tanga akiwa ufukweni, na kukaa kwenye kiti cha gari hakubadilishi hesabu hiyo. Dawa anazomeza huenda zinapunguza mashambulizi, lakini haziongezi oksijeni hewani. Kwa hiyo jibu langu kuhusu Litang na Daocheng ni hapana, na silitafuti jibu lingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huenda hamjaliwaza. Wengi wetu Afrika Mashariki tumerithi vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, hatuumwi, wala hatujui kama tunavyo. Watu hao kwa kawaida wanaishi vizuri kabisa, ila wachache wao wakipandishwa juu sana wanapatwa na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu damu imeshindwa kufika sawasawa kwenye wengu. Mko sita. Nani amepima? Njia ya chini inawafaa wengine pia, na hiyo ni sababu halali ya kubadilisha ratiba bila kumgusa mtu.

Siri yake usiitoe kwenye kundi. Haikuhusu kuitangaza. Lakini nenda kwake, mkiwa wawili, umwambie mambo mawili. La kwanza, amwone daktari wa damu kabla ya safari. Mko Chengdu, yenye hospitali ya Huaxi, mojawapo ya kubwa kabisa China, hana kisingizio. Amwombe daktari barua fupi ya Kichina inayotaja ugonjwa wake, lianzhuang xibao bing, na dawa anazotumia. Ugonjwa huu Sichuan ni nadra sana, na daktari wa zamu wa mji mdogo anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja. La pili, mwambie wazi kwamba akiugua njiani hutasubiri ruhusa yake, utamwambia dereva na utamwambia daktari. Aijue mapema. Akikasirika, akukasirikie mkiwa bado Chengdu.

Sasa mwende wapi? Ningekuwa mimi ningewapeleka Danba.

Danba ni wilaya ya milimani kweli, katika jimbo dogo la Kitibeti la Garze, humo humo Sichuan, lakini mji wake uko bondeni, kwenye mita 1,900 hivi. Uzuri wa njia ni kwamba mnaweza kufika bila kuvuka kilele chochote. Mnatoka Chengdu kwa barabara ya kulipia kupita Ya'an, mnaingia handaki la Erlangshan lenye urefu wa zaidi ya kilomita 13, mnatokea bonde la mto Dadu. Mnasimama Luding kula chakula cha mchana na kulitazama daraja la minyororo kumi na mitatu, la miaka ya 1700, ambalo jeshi la Wakomunisti lilivuka Mei 1935. Watoto wote wa China wanasoma habari zake shuleni, kwa hiyo jiandaeni kubanana. Kutoka hapo mnaufuata mto kwenda juu, kuta za milima kushoto na kulia, mpaka Danba.

Wenyeji ni Wajiarong, Watibeti wenye lugha yao na ujenzi wao. Kijiji cha Jiaju kimetapakaa mlimani, nyumba za mawe zenye kingo nyeupe na nyekundu, na msimu wa mavuno mahindi yanaanikwa juu ya paa na kuning'inizwa barazani mpaka nyumba inageuka njano. Ng'ambo ya mto, Suopo, kuna minara ya mawe yenye umri wa karne kadhaa. Mingine inazidi mita 30, ya pembe nne, pembe nane, hata kumi na tatu, imejengwa kwa mawe na udongo tu na bado imesimama katika nchi ya matetemeko. Siku nzima haitoshi. Usiku mlale mjini, karibu na mto, si vijiji vya juu. Kuna joto zaidi na hospitali ya wilaya iko karibu.

Siku ya tatu ndiyo ya wenye kiu ya theluji. Waondoke alfajiri kwenda nyanda za Tagong, karibu mita 3,700, wakauone mlima Yala unaozidi mita 5,800, jioni warudi kulala Danba. Kupanda mchana na kulala chini mwili unavumilia zaidi. Mwenye kichwa kinachoanza kugonga asijikaze, aseme, gari ligeuze. Rafiki yako hapandi, na asiachwe peke yake. Nafikiri unajua ni nani atabaki naye. Najua pia kwamba wewe ndiye uliyeiota theluji hiyo kutoka ghorofani.

Siku ya nne mrudi kwa njia ile ile ya mto. Mtu atapendekeza mrudi kwa kupitia Siguniangshan ili muone mapya. Handaki la barabara hiyo liko juu ya mita 3,800, kwa hiyo safari hii hapana.

Kabla hamjatoka, dereva aulize hali ya njia. Mvua kubwa ni Juni hadi Septemba, na milima ile haijatulia. Agosti 2024 tope liliporomoka usiku karibu na Kangding likaangusha daraja kati ya mahandaki mawili ya barabara hiyo hiyo ya kulipia. Oktoba ni afadhali, lakini ikinyesha mfululizo ahirisheni.

Nimesema dereva. Haya, tuje kwa kaka.

China haitambui leseni ya kimataifa. Mgeni anaendesha kwa leseni ya Kichina au kwa kibali cha muda cha polisi wa barabarani kwa anayekaa muda mfupi. Kinyume cha hapo ni sawa na kutokuwa na leseni: faini ya yuan 200 hadi 2,000, na unaweza kuwekwa ndani hadi siku 15. Aliyekuazima gari naye anapigwa faini, na leseni yake mwenyewe inaweza kufutwa. Pakitokea ajali, bima itawatafutia njia ya kuwakwepa. Mfanyabiashara anayeishi kwa viza ana mengi ya kupoteza hapo, na anayemwazima gari ndiye anayefanya naye biashara. Hiyo ndiyo hoja ya kumpa. Ustadi wake usiuguse. Kuendesha anajua, ila Tunduma kote huko aliendesha kushoto, na China ni kulia. Kwenye kona ya mlima, mtu akishtuka, mkono unarudia ulichozoea.

Na usimwambie kwenye kundi. Mtu mzima hasahihishwi mbele ya watoto, ndiyo maana alikujibu vile. Mpigie simu, msalimie, mshukuru tena kwa ile tiketi, ndipo useme: "Kaka, mimi ndiye niliyeshika fedha za watoto wa watu, naogopa. Naomba tukodi gari na dereva, nawe uwe mkuu wa msafara." Wachina wanaita baoche, gari la kukodi pamoja na dereva wake. Gari la viti saba linawatosha ninyi sita na dereva, na bado mnapata ule msamaha wa ushuru, ila mizigo iwe begi dogo kila mtu. Kaka ambaye amezoea kubishana bei na wenye maghala Guangzhou ndiye hasa wa kuzungumza na dereva. Bei inajumuisha mafuta? Maegesho? Chakula na kitanda cha dereva nani analipa? Na hakuna kuendesha usiku. Yote yaandikwe WeChat. Akae kiti cha mbele, ndicho chake.

Tibet aisahau. Kuingia Jimbo Linalojiendesha la Tibet, mgeni anahitaji kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala wa utalii, pamoja na mwongozaji. Hakuna kuchungulia. Hata upande huu wa Sichuan baadhi ya maeneo hufungiwa wageni ghafla, kwa hiyo polisi wakisema rudini, mnarudi bila mjadala.

Hoteli, mpige simu moja moja kuuliza kama wanapokea pasipoti za kigeni. Serikali ilishasisitiza mwaka 2024 kwamba wageni wasikataliwe, lakini nyumba ndogo za wageni milimani nyingine hazijui namna ya kuwaandikisha polisi, na usajili huo ni lazima. Mtaarifu pia ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Ramani tumieni Gaode, Google haiwafai huko. Kama kuna Mwislamu kati yenu, abebe chakula kidogo: migahawa ya qingzhen, yaani ya halali, ipo mijini, lakini vijijini Danba nyama ya nguruwe iliyokaushwa ndiyo fahari ya jiko.

Kwenye kundi andika hivi, au kwa maneno yako:

"Ndugu zangu, tumeangalia upya, ratiba ya mwanzo ni ndefu na ya juu mno kwa siku nne. Tunakwenda Danba kwa gari la kukodi na dereva wake, mkuu wa msafara ni kaka. Siku ya tatu kila mtu achague, Tagong kwenda na kurudi au kubaki Danba, na hakuna kuulizana sababu. Anayetaka kujitoa aniambie kabla sijalipia hoteli, mchango wake unarudi wote. Kila mtu aje na pasipoti yenyewe, si picha."

Huo mstari wa kurudishiwa mchango usiufute. Daktari akimkataza rafiki yako hata Danba, atatoka kimya kimya na fedha yake mkononi.

Ujumbe utume baada ya simu ya kaka, na baada ya rafiki yako kupata miadi ya daktari. Hoteli zilipie mwisho kabisa.